Ushauri kuhusu vitako vya meli ndogo: mapigano ya Königsberg mezani, Zanzibar 1914 hadi Rufiji 1915

Chombo_Tweka (Dar es Salaam)

Wakuu, habari za jioni. Ninaandaa mchezo wa mezani wa vita vya majini unaofuata mkasa wa manowari ya Kijerumani Königsberg katika pwani yetu, kuanzia alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 ilipoishambulia manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar, mpaka tarehe 11 Julai 1915 ilipomalizwa ndani ya delta ya Rufiji na monita mbili (meli fupi na pana za kupigia mizinga karibu na nchi kavu), Severn na Mersey. Meli zote nne ninazo tayari katika skeli ya 1:2400. Zimechapwa kwa rezini katika printa ya 3D, zimekatwa usawa wa maji, na nimeshazipaka rangi ya kwanza ya kijivu. Meza nitakayotumia ni ya kulia chakula, yenye urefu wa sentimita 180 na upana wa sentimita 90, na wachezaji tutakuwa wanne.

Kinachonikwamisha ni vitako, yaani vile vibao vyembamba ambavyo modeli hubandikwa juu yake. Königsberg halisi ilikuwa na urefu wa zaidi kidogo ya mita 115, lakini hapa mezani haifiki hata sentimita 5, na milingoti yake ni myembamba kiasi kwamba mtu hana pa kuishika isipokuwa kwenye dohani zake tatu. Meli hizi zikisogezwa kwa vidole vya watu wanne kwa jioni nzima bila kitako, sioni namna zitakavyosalimika.

Ningependa kujua vitako viwe na ukubwa gani, na kama kila meli iwe na ukubwa wake au zote zifanane. Nitumie kitu gani kinachopatikana madukani kwetu bila kuagiza nje. Na bahari yenyewe niitengeneze vipi ili isionekane kama sakafu iliyopakwa rangi ya buluu. Jambo jingine ni lile povu la mbele na mkondo wa nyuma wa meli: je, nilichore juu ya kitako au niliache? Nimeona picha za watu wa nje wakifanya yote mawili na sijui hoja ya kila upande. Natanguliza shukrani.

Mzee_wa_Msasa (Tanga)

Mkuu Chombo_Tweka, karibu sana. Kabla hujakata kitako hata kimoja, amua kwanza skeli ya umbali, kwa sababu hiyo ndiyo itakayokuambia kitako kiwe kikubwa kiasi gani, na wengi huanza na rangi wakaja kugundua baadaye kwamba meli zao hazipangiki mezani.

Skeli ya modeli na skeli ya umbali haziwezi kuwa moja katika mchezo huu. Königsberg iliifyatulia Pegasus mizinga ikiwa umbali wa yadi 9,000 hivi, yaani kilomita 8 na kitu. Ukiutafsiri umbali huo kwa 1:2400 unapata mita 3 na nusu, na meza yako haifiki hata mita 2. Ukikubaliana na wenzako kwamba sentimita 1 ya meza ni mita 100 za bahari, umbali uleule unakuwa sentimita 82, unaoingia hata kwa upana wa meza yako, na meza nzima inakuwa eneo la kilomita 18 kwa 9. Skeli hiyo ina faida nyingine ambayo naipenda zaidi. Meli inayokwenda maili moja ya baharini kwa saa husafiri mita 93 hivi katika dakika 3. Basi ukiifanya kila zamu iwe dakika 3, kila maili ya mwendo inakuwa kama sentimita 1 mezani. Königsberg ikikimbia kwa maili 20 inasogea sentimita 18 na nusu, na huhitaji jedwali lolote, rula inatosha.

Sasa tazama kitako. Kwa skeli hiyo ya umbali, modeli yako ya milimita 48 tayari imekalia mita 480 za bahari, ambazo ni mara nne ya urefu wake wa kweli. Kitako cha milimita 60 kitakalia mita 600. Katika mapigano ya meli mojamoja kama haya yako hilo halina madhara, lakini siku utakapotaka kupanga mstari mrefu wa manowari kubwa, ambazo katika vita vile ziliweza kufuatana kwa umbali wa mita 450 hivi kutoka meli hadi meli, utajikuta vitako vinagusana na mstari bado ni mrefu kuliko inavyotakiwa. Kwa hiyo kitako kizidi meli kidogo tu: milimita 5 hadi 6 mbele, na hivyo hivyo nyuma, basi. Upana ndio unaoweza kuuachia nafasi, kwa kuwa vidole hushika ubavuni.

Kwa meli zako ningekata saizi mbili tu. Königsberg iwe na kitako cha milimita 60 kwa 20. Pegasus ilikuwa fupi zaidi, mita 95 hivi, na monita zile zilikuwa na urefu wa mita 81 lakini pana kuliko Königsberg yenyewe, karibu mita 15 kwa ubavu. Hizo tatu zitoshe kwenye milimita 50 kwa 20. Kufanana kwa upana kunasaidia sana wakati wa kugeuza, kwa sababu kile kibao cha pembe mnachotumia kupimia mgeuko kitakaa vilevile kwa kila meli.

Jambo la mwisho, nalo ndilo linaloleta ugomvi mezani: pimeni umbali kutoka mlingoti hadi mlingoti, kamwe si kutoka ukingo wa kitako. Wekeni alama ndogo ya rangi ubavuni mwa kitako, sambamba na kitovu cha meli, ili rula iwe na mahali pa kuanzia bila kugusa modeli. Na vitako viwili vikigusana, hilo si tukio la kugongana. Meli zenyewe bado ziko mbali.

Kilindini_ya_Kale (Mombasa)

Assalaam aleikum wote. Mzee amemaliza suala la vipimo, nami nitasema la vifaa na bahari.

Katika pwani zetu nakushauri uiepuke mbao ya vumbi, ile inayotengenezwa fanicha za bei nafuu, kwa sababu hunyonya unyevu kwenye kingo na kuvimba. Ukilazimika kuitumia, kingo zote zipakwe gundi nyembamba kabla ya kitu kingine chochote. Kadibodi nayo hupinda: gundi inapokauka husinyaa, na ikiwa imepakwa upande wa juu tu huivuta kadibodi mpaka ncha zinanyanyuka. Dawa yake ni kupaka pande zote mbili na kukandamiza chini ya vitabu mpaka ikauke kabisa. Lakini ya nini shida yote hiyo, hali mafundi wa mabango wanatupa kila siku vipande vya ile plastiki nyeupe nyepesi wanayobandikia maandishi ya maduka? Omba mabaki ya unene wa milimita 3. Inakatwa kwa kisu cha wembe na rula ya chuma, haili maji, haipindi, na kingo zake hulainishwa kwa msasa namba 240 hadi zikawa na mteremko mdogo, ili kitako kisionekane kuwa ni kigae kilichowekwa juu ya kitambaa.

Kuhusu bahari, kumbuka hesabu moja. Katika 1:2400, wimbi la mita 2 halifiki hata milimita 1. Karibu kila kitako kibaya nilichokiona kilikuwa kibaya kwa sababu hiyo tu: mtu amejaza poda ya skimu na kuifinyanga mawimbi ya milimita 4, na meli yake imejikuta katikati ya mawimbi ya mita 10 ndani ya bandari ya Zanzibar, ambayo ni maji tulivu kwa kila anayeyajua. Unachohitaji ni mikunjo tu, tena midogo sana.

Njia ninayoitumia ni karatasi ya tishu na gundi nyeupe ya mbao. Chora kwa penseli umbo la meli juu ya kitako, uliache eneo hilo bila kitu ili meli ikae bapa. Itenganishe tishu mpaka upate ule utando mmoja mwembamba unaopitisha mwanga. Changanya gundi na maji nusu kwa nusu, paka kitako, laza utando, kisha uusukume kwa brashi iliyolowa, kidogo kidogo, kutoka nje kuelekea ndani. Utaiona ikijikunja yenyewe katika vistari vyembamba vinavyokatana. Hapo ndipo mtu hushawishika kuendelea kuichokora, iache. Ikikauka, itakuwa ngumu na mikunjo yake itakuwa chini ya nusu milimita, na hiyo ndiyo bahari yako.

Wapo watakaokwambia mawimbi yote yaelekee upande mmoja kufuata upepo, kwa kuwa Septemba na Julai ni kusi, na pepo hizo zinatoka kusini. Kwenye picha ya kutundika ukutani wana haki. Kwenye mchezo, meli inageuka na kitako kinageuka nayo, hivyo baada ya zamu tatu kila meli inakuwa na kusi yake. Mikunjo iliyochanganyika haina upande, na ndiyo inayofaa.

Rangi ianze na giza: buluu iliyotiwa kijani na tone la nyeusi, ijae mabondeni. Kisha rangi hiyohiyo iliyoongezwa kijani na nyeupe kidogo ipitishwe juu ya mikunjo kwa brashi kavu iliyofutwa kwenye kitambaa mpaka karibu haitoi kitu. Nyeupe tupu iwe ya mwisho na iguse pale tu ambapo vistari viwili vinakutana. Kisha vanishi ya kung'aa, mapako mawili, kwa sababu maji bila mng'ao ni zulia. Meli yenyewe ibaki na vanishi isiyong'aa. Tofauti hiyo ya mng'ao ndiyo inayoitenga chuma na maji hata katika mwanga hafifu wa sebuleni. Ukishaibandika meli, pitisha uzi wa gundi nyeupe kuzunguka ubavu wake kwa ncha ya kijiti cha meno ili kuziba ule mwanya mweusi unaoifanya ionekane inaelea hewani.

Nje kidogo ya mada: ukipata safari ya kuja Mombasa, pita Fort Jesus. Pana mzinga wa Königsberg na mzinga wa Pegasus mahali pamoja. Ukisimama kando ya ule wa Kijerumani, wa milimita 105, utaelewa kwa nini zile nukta ulizonazo kwenye sitaha hazihitaji kuchorwa kwa undani zaidi ya zilivyo.

Tufani75 (Nairobi)

Kwa heshima ya Kilindini_ya_Kale, ambaye kazi yake inaonekana ni ya mkono uliokomaa, mimi napinga kupaka bahari juu ya kitako kwa mchezo huu hasa.

Tazameni: meli ya Königsberg ni ileile moja, lakini itapigana kwanza nje ya bandari ya Zanzibar kwenye maji ya buluu na kijani, kisha kwenye mto wa Rufiji ambao maji yake ni ya kahawia kwa tope. Ukiipakia bahari ya Zanzibar, siku ya Rufiji itakuwa imekaa juu ya kipande cha buluu katikati ya tope, na macho yote yataangukia hapo. Pleksi angavu ya milimita 2, ile plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo, inaondoa tatizo hilo kabisa. Unabadilisha kitambaa cha mezani tu. Mafundi haohao wa mabango wanayo, na wanaikata kwa leza kwa vipimo utakavyowapa, kingo zikiwa safi.

Ina kasoro zake. Hupata michirizi, kwa hiyo hifadhini kila kimoja peke yake. Na msitumie supagluu kubandikia, kwa sababu mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye pleksi kuzunguka meli, na ukungu huo hautoki kwa kufuta. Gundi ya mbao inayokauka angavu inatosha kwa modeli nyepesi kama hizi, au ile gundi ya mirija miwili inayochanganywa.

Kuhusu povu na mkondo wa nyuma, swali hili lina jibu katika historia yenyewe. Pegasus ilishambuliwa ikiwa imetia nanga, mitambo yake ikiwa katika matengenezo. Königsberg katika Rufiji ilikuwa imefungwa mtoni. Monita nazo zilitia nanga zilipofika mahali pa kufyatulia. Kati ya meli zako nne, iliyokuwa mwendoni huku ikipigana ni Königsberg ya Septemba 1914 peke yake. Ukichora povu la kudumu kwenye vitako vyote utakuwa na nanga zinazokimbia. Kata vipande vyembamba vya plastiki angavu vyenye umbo la V, vipake povu, na uviweke nyuma ya meli inapokuwa mwendoni. Vinakuwa pia alama ya kumkumbusha mchezaji kwamba meli yake haijasimama.

Na kama utavichora, chora pembe sahihi. Lord Kelvin alionyesha mwaka 1887 kwamba mawimbi ya nyuma ya chombo katika maji yenye kina hufunguka kwa nyuzi 19 na nusu hivi kila upande, chombo kiende haraka au polepole. Watu wengi huchora V pana mno, na meli inaonekana kama boti ya mbio.

Kilindini_ya_Kale (Mombasa)

Hoja ya povu naikubali yote, na hiyo ya V za kuondolewa ni nzuri, nitaiiga. Hoja ya pleksi siikubali. Chini ya taa ya dari pleksi hurudisha mwanga, na mchezaji aliyekaa upande wa pili haoni meli, anaona taa. Na kitambaa cha mezani hakina mikunjo ya milimita nusu, kwa hiyo meli inakaa juu ya kioo, wala haikai majini. Ikiwa shida ni Königsberg moja katika maji mawili, basi achape Königsberg ya pili. Rezini ya meli ya sentimita 5 ni kiasi gani?

Chombo_Tweka (Dar es Salaam)

Nawashukuru sana, hasa kwa hesabu ya dakika 3, ambayo imenifutia ukurasa mzima wa majedwali niliyokuwa nimeyaandaa. Pegasus na Königsberg ya Zanzibar nitazifanyia kitako cha plastiki ya mabango na tishu, bila povu la kudumu, na nitachapa Königsberg ya pili kwa ajili ya Rufiji.

Imebaki hiyo ya pili. Ndani ya delta ilikuwa imezungukwa na mikoko na haikuwa ikisogea. Je, nayo iwe na kitako cha milimita 60 kwa 20 kama kawaida, au kuna namna bora? Na monita, ambazo zitaanzia baharini na kuingia mtoni, nizipake rangi ya maji yapi?

Mgeni_wa_Ukungu (Uingereza)

Ndugu Chombo_Tweka, mchezo wa Rufiji nimeucheza hapa na wenzangu, na naona tofauti yake na ule wa Zanzibar ni kubwa kuliko wachangiaji walivyogusia. Zanzibar ni mchezo wa masafa: mizinga ya Pegasus, minane ya inchi 4, haikuweza kuifikia Königsberg pale ilipokuwa ikiifyatulia, na kwa hakika anayechukua Pegasus hana la kufanya zaidi ya kuomba dadu mbaya kwa mwenzake. Ufupisheni, au mwacheni aliyechukua Pegasus aamue kabla ya mchezo kama alipata mvuke wa kutosha kuondoka bandarini usiku ule, vinginevyo mchezo utamkinaisha.

Rufiji ndiyo yenye utamu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akimwona mwenzake. Tarehe 6 Julai 1915 monita ziliingia kwa mlango wa Kikunja na kutia nanga takriban kilomita 10 kutoka Königsberg, mikoko na vichaka vikiwa katikati. Zilifyatua bila kuona shabaha, zikitegemea ndege zilizoruka kutoka kisiwa cha Mafia kutoa habari za mahali makombora yalipoanguka. Wajerumani nao walikuwa na waangalizi waliojificha ufukweni, na siku ile walifyatua vizuri kuliko Waingereza: mzinga wa mbele wa Mersey ulipigwa, watu wake wakauawa, na monita zikarudi nje. Zilirudi tena tarehe 11, na safari hiyo ndege iliyokuwa ikiongoza makombora ilitunguliwa, lakini rubani na mwangalizi wake waliendelea kutuma masahihisho wakati wakishuka kuangukia mtoni. Mchana huo Wajerumani waliilipua meli yao wenyewe.

Kwa hiyo Königsberg ya pili usiifanyie kitako cha kawaida hata kidogo. Ifanye kipande cha ardhi. Kata ubao wa sentimita 12 kwa 8, mto upite katikati ukiwa wa kahawia iliyofifia, uliopakwa vanishi ya kung'aa bila mikunjo kabisa, kwa maana pale hakuna mawimbi, na pande zote mbili ziwe mikoko. Mikoko katika skeli hii ni unga wa sifongo tu. Saga sifongo ya kuoshea vyombo iliyolowekwa rangi ya kijani iliyoiva, ibandike kwa matuta yasiyozidi milimita 6, maana hata hapo unawakilisha mti wa mita 14. Ukingoni, pale miti inapokutana na maji, pitisha mstari mwembamba wa kahawia nyeusi. Bila mstari huo msitu unaonekana kama umeelea. Meli yenyewe walikuwa wameifunika kwa matawi na kushusha sehemu za juu za milingoti, kwa hiyo kata ncha za milingoti na umwage unga uleule wa kijani juu ya sitaha, si mwingi, dohani tatu zibaki zinaonekana.

Kipande hicho kisikae kwenye meza ya wachezaji wa monita. Kikae kwenye meza ndogo chumba cha pili, au nyuma ya kadibodi, kwa mwamuzi. Wachezaji wa monita waandike kwenye karatasi pembe na umbali, mwamuzi apime kwenye ramani yake, kisha mchezaji wa ndege aambiwe kombora limeanguka mbele, nyuma, kushoto au kulia, tena kwa kuchelewa zamu moja. Mchezaji wa ndege akitunguliwa, monita zinabaki vipofu, nazo zinalazimika kuamua kama ziendelee kwa vipimo vya mwisho au zingoje ndege nyingine. Kwa wachezaji wanne mgawanyo huu unatosha barabara: monita mmoja, ndege mmoja, Königsberg pamoja na waangalizi wake wa ufukweni mmoja, na mwamuzi.

Monita zako zipake maji ya tope. Safari ya baharini mtaimaliza kwa dakika tano, na mtoni mtakaa saa mbili. Kabla ya kuzibandika, hata hivyo, zichunguze mizinga yake. Mwaka 1914, zilipokuwa zikipigana pwani ya Ubelgiji, zilikuwa na mizinga miwili ya inchi 6 katika tareti moja ya mbele, yaani kizimba cha chuma kinachozunguka na mizinga yake. Mizinga ile ilichakaa, na zilipofika Rufiji zilikuwa na mzinga mmoja wa inchi 6 mbele na mmoja nyuma. Faili nyingi za kuchapa zinaonyesha hali ya mwanzo. Kama zako zina tareti, ikate kwa kisu, na kipande cha waya mwembamba chenye urefu wa milimita 3 mbele na kingine nyuma vitakuwa mizinga mipya. Linahusu mchezo pia, kwa sababu pale mzinga wa mbele wa Mersey ulipopigwa, wa nyuma uliendelea kufanya kazi.

Mzee_wa_Msasa (Tanga)

Hiyo ya mizinga sikuijua, nashukuru. Niongeze kwa ufupi kwa Chombo_Tweka: majina ya meli yaandikwe ukingo wa nyuma wa kitako, kwa herufi ndogo, yasiandikwe juu ya maji. Severn na Mersey zinafanana mno na mtazichanganya, basi moja iwe na nukta nyeupe na nyingine nukta nyekundu pale pale penye alama ya kupimia.

Chini ya kila kitako bandika kipande cha bati jembamba la kopo, na sanduku la kuhifadhia litandikwe karatasi ya sumaku, ile inayobandikwa kwenye milango ya magari ya matangazo. Fundi wa mabango utakayemwomba plastiki anayo na hiyo. Uzito wa bati pia unakifanya kitako kisiteleze kwenye kitambaa mtu anapogonga meza.

Chombo_Tweka (Dar es Salaam)

Mzee, nimezikagua monita sasa hivi, zote mbili zina tareti. Kisu kinaanza kazi kesho. Swali la mwisho: vanishi ya kung'aa niliyonayo ni ya kupuliza ya kopo. Itafaa juu ya tishu, au lazima iwe ya brashi?

Kilindini_ya_Kale (Mombasa)

Itafaa, ila ipulizie kitako kabla meli haijabandikwa, maana ukiipuliza meli ikiwa juu yake, sitaha nayo itang'aa. Usiipulize siku ya mvua wala usiku wenye unyevu, kwa sababu hushika ukungu na kuwa nyeupe. Ngoja saa nne za asubuhi hewa ikiwa imekauka vizuri. Mapako mawili mepesi, saa moja katikati yake, na usikiguse kitako mpaka kesho yake.